Kufunga nyaya za sensa ya oksijeni gari likiwekwa turbo mbili

Swali la kwanza huwa hili: "Nimefunga turbo mbili, waya wa sensa ya oksijeni haufiki, nirefushe vipi?" Baada ya siku chache mtu yuleyule anarudi: "Nimerefusha, lakini taa ya injini imewaka. Upande mmoja unamwaga mafuta, mwingine unakauka. Sensa zimekufa?"

Mara nyingi sensa ni nzima. Kurefusha waya ni kazi ya jioni moja. Kinachowaangusha wengi ni kwamba mabomba yamepindishwa, nyaya zimepitishwa njia mpya, na mwishowe sensa ya upande mmoja inatoa taarifa kwa jina la upande mwingine. Kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, haina macho. Inaamini pini, basi.

Nimeandika nikiwa na injini ya V6 au V8 akilini, ambayo haikuwa na turbo na sasa kila upande unapata ya kwake. Kama injini yako ni ya mstari mmoja, usiruke hatua ya 2.

Kabla hujashika spana

Kwanza, mchoro wa nyaya wa gari lako lenyewe: modeli ile, mwaka ule, injini ile. Mchoro wa gari "linalofanana" umeshaunguza kontrolboksi nyingi.

Halafu andaa hivi:

- Multimita, na skana inayoonyesha data wakati injini inaunguruma, hasa marekebisho ya mafuta ya kila benki (upande wa injini). Kisomeo cha misimbo peke yake hakitoshi.
- Spana ya sensa, milimita 22, yenye mkato wa kupitisha waya.
- Nati za kuchomelea zenye nyuzi za M18 × 1.5.
- Waya unaostahimili joto: milimita 1 ya mraba kwa hita (kipasha joto kilicho ndani ya sensa), na 0.5 kwa ishara. Ukiweza, pata rangi zilezile za nyaya za sensa.
- Viunganishi visivyoingiza maji, pini zake, na koleo halisi la kubania pini. Plaizi si koleo la pini.
- Mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, na soksi ya nyuzi za kioo ya kukinga joto.
- Waidibendi (sensa inayoonyesha uwiano wenyewe wa hewa na mafuta) angalau moja pamoja na kidhibiti chake. Mbili ni bora zaidi.
- Utepe wa karatasi na kalamu ya wino usiofutika. Ni vitu vya bei ya chini kuliko vyote hapa, na ndivyo vitakavyokuokoa.

Sensa nunua mahali unapopaamini. Ya bei ya kutupa, isiyo na namba ya kusomeka, ni mbuzi kwenye gunia.

Nadharia kidogo, kisha kazi

Sensa ya kawaida, narobendi, hutoa takriban volti 0.1 mafuta yakipungua na 0.9 yakizidi, na hugeuka ghafla karibu na 0.45. Inajua kama mafuta yamepungua au yamezidi, haijui ni kwa kiasi gani. Ndiyo maana haifai kupangia mafuta wakati turbo inasukuma. Pale unataka uwiano wa hewa na petroli uwe kwenye 11.5 hadi 12 hivi, na narobendi itakwambia "mengi" tu, iwe 12 au 10. Kazi hiyo ni ya waidibendi.

Narobendi nyingi zina nyaya nne: mbili za hita, moja ya ishara, moja ya hasi ya ishara. Zenye nyaya tatu hutumia bomba lenyewe kama hasi.

Hatua

1. Weka lebo kabla ya kufungua kitu chochote.

Kila sensa na kila soketi ipate lebo yake: B1S1, B2S1, B1S2, B2S2. B ni benki, yaani upande wa injini. S1 ni sensa iliyo kabla ya masega (kisafisha moshi kwenye bomba), S2 ni ya baada yake. Benki 1 ni upande wenye silinda namba 1. Si "upande wa dereva" wala "upande wa kulia". Usukani unahama nchi hadi nchi, silinda namba 1 haihami.

Lebo iwe pande zote mbili za kiunganishi, wa kike na wa kiume. Piga picha. Kisha washa gari, lipate joto, andika marekebisho ya mafuta ya kila benki. Kama gari tayari lina msimbo wa hitilafu, litibu sasa. Ukiingiza turbo juu ya ugonjwa wa zamani, hutajua tena kipi kimesababisha kipi.

2. Amua kila sensa itasikiliza silinda zipi.

Hapa ndipo pa kutuliza akili. Chora injini kwenye karatasi: silinda, manifoldi, turbo, bomba linaloshuka kutoka turbo hadi pale mabomba mawili yanapokutana, kama yanakutana. Sasa weka nukta ya sensa na ujiulize: moshi unaopita hapa umetoka silinda zipi, na je, kontrolboksi inarekebisha silinda hizohizo kwa neno la sensa hii?

Kwa V6 yenye mabomba mawili yanayojitegemea, jibu ni rahisi: sensa moja kila bomba, kabla hayajaungana. Lakini mara nyingi nafasi hukosekana, na bomba la upande mmoja huvushwa chini ya injini hadi upande wa pili. Hapo macho hudanganya. Unaona sensa iko kushoto, unaichomeka kwenye soketi ya kushoto, kumbe moshi ni wa kulia. Fuata bomba kwa kidole kuanzia kichwa cha injini.

Kwa injini ya mstari, angalia kontrolboksi yako ina pini za sensa ngapi. BMW N54, kwa mfano, ni silinda sita za mstari lakini ina benki mbili: silinda 1 hadi 3, na 4 hadi 6, kila kundi na turbo yake na sensa yake. Nissan RB26DETT nayo ina sensa mbili. Kontrolboksi ikiwa na ingizo moja tu, weka sensa baada ya mabomba kuungana, ujue unachosoma ni wastani. Usiiweke kwenye turbo moja ukadhani inasemea silinda zote.

Wastani una hila yake pia. Benki moja ikiwa 10.8 na nyingine 13.2, waidibendi moja iliyowekwa baada ya maungano itakuonyesha karibu 12 na wewe utatabasamu. Pistoni za ile ya 13.2 hazitabasamu.

3. Chomelea nati mahali panapofaa.

Sensa ikae baada ya turbo, si kabla yake. Kabla ya turbo kuna joto kali na mgandamizo, na mgandamizo unapotosha usomaji wa waidibendi. Kwa waidibendi, shuka sentimita 60 hadi 90 baada ya turbo ukipata nafasi. Waidibendi ya Bosch LSU 4.9 imetengenezwa kuvumilia moshi wa hadi nyuzi 930 za Selsiasi kwa matumizi ya muda mrefu, na turbo inayofanya kazi ngumu inaweza kuukaribia mpaka huo.

Ielekeze juu, kati ya namba 10 na namba 2 za uso wa saa ukitazama bomba kwa mbele, na kwa vyovyote isipungue nyuzi 10 juu ya mlalo. Ikitazama chini au ikilala, maji ya mvuke hujikusanya ndani yake na kuipasua ikipata moto. Iwe mbele ya masega. Na kusiwe na uvujaji wowote wa moshi mbele yake, kwa sababu hewa inayonyonywa kwenye ufa itasomeka kama upungufu wa mafuta.

Kabla ya kuchomelea, chomoa betri na soketi za kontrolboksi. Chukua sensa kuukuu iliyokwisha kufa, ifunge ndani ya nati wakati unachomelea, nyuzi zisipinde. Sensa mpya isiwe karibu hata kidogo.

4. Zitambue nyaya, usizikisie.

Rangi za sensa ambazo utakutana nazo zaidi:

- Bosch narobendi: nyeupe mbili ni hita, nyeusi ni ishara, kijivu ni hasi ya ishara.
- Denso, kama kwenye Toyota nyingi: nyeusi mbili ni hita, bluu ni ishara, nyeupe ni hasi.
- NTK kwenye Honda nyingi: nyeusi mbili ni hita, nyeupe ni ishara, kijani ni hasi.

Hizo ni rangi za upande wa sensa. Upande wa gari zinaweza kuwa tofauti kabisa, ndiyo sababu unahitaji mchoro. Thibitisha hita kwa multimita: nyaya mbili zenye rangi moja zitaonyesha omu chache, kwa kawaida kati ya 3 na 20 sensa ikiwa baridi. Kati ya ishara na hita kusiwe na muunganiko wowote.

Onyo: nyaya nne hazimaanishi narobendi. Magari mengi ya Toyota yana sensa ya mbele ya aina ya hewa-mafuta, yenye nyaya nne na hata rangi zilezile za Denso, lakini inafanya kazi kwa mkondo badala ya volti. Ukifunga narobendi mahali pake kwa sababu soketi imeingia, au ukachukua sensa ya nyuma ukaileta mbele kwa kuwa waya wake ni mrefu, gari halitakaa sawa kamwe. Linganisha namba ya sensa.

5. Refusha waya.

Kata upande wa gari au, vizuri zaidi, tengeneza kipande cha kurefushia chenye soketi kike na kiume. Waya wa sensa wenyewe uache mzima. Narobendi nyingi hupumua hewa ya nje kupitia katikati ya nyuzi za waya wake. Hewa hiyo ndiyo kipimo inacholinganishia. Ukilehemu kwa risasi, risasi na dawa yake hupanda ndani ya waya na kuziba. Bana kwa pini na koleo, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa. Usijaze grisi kwenye kiunganishi, kwa sababu hiyohiyo.

Ishara na hasi yake visokote pamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hasi ya ishara irudi kwenye pini yake ya kontrolboksi. Usiipige kwenye bodi la gari kwa kuwa "hasi ni hasi". Hapo tunazungumzia mamia ya milivolti tu, na bodi la gari lina mikondo ya taa, feni na stata inayopita humo humo. Kama unatumia waya wenye ngao, ngao iungwe upande mmoja pekee, ule wa kontrolboksi.

Waidibendi ni jambo jingine. LSU ina nyaya tano lakini kiunganishi chenye pini sita, na ndani ya kiunganishi hicho kuna kirekebishi kidogo kilichopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo moja. Ukikata kiunganishi, umetupa kipimo chake. Refusha kwa kebo ya mtengenezaji wa kidhibiti, au sogeza kidhibiti karibu.

6. Pitisha nyaya mbali na moto.

Acha ulegevu wa kutosha, injini hutikisika ukikanyaga mafuta. Kaa mbali na turbo, manifoldi, na njia ya moshi wa westigeti (vali inayopunguza moshi unaoingia turbo), hasa inayotoa nje. Kiunganishi kisikae karibu na bomba. Plastiki yake huchoka mapema zaidi ya waya. Usitumie vifungo vya plastiki karibu na joto, tumia vya chuma juu ya soksi. Kaa mbali pia na koili na nyaya za plagi.

Jaribio langu ni la kizamani: baada ya safari ya kwanza ngumu, gusa soksi kwa mkono wenye glavu. Kama huwezi kushikilia sekunde tano, hamisha.

7. Umeme wa waidibendi.

Chukua chanya kutoka kwenye rilei inayowaka na swichi ya gari, kupitia fyuzi ya ukubwa uliotajwa na mtengenezaji. Usiibe umeme kwenye hita ya sensa ya kawaida. Fyuzi ile haikuhesabiwa kubeba zote mbili. Hasi ya hita iende kwenye injini au pale kontrolboksi ilipopata hasi yake. Hasi ya ishara, kama kidhibiti kinayo, iende kwenye hasi ya sensa ya kontrolboksi.

Kisha ueleze mfumo volti zinamaanisha nini. Kidhibiti cha Innovate LC-2, ikiwa mipangilio yake haijabadilishwa, hutoa volti 0 kwa uwiano wa 7.35 na volti 5 kwa 22.39. AEM X-Series: 0.5 kwa 8.5 na 4.5 kwa 18. Ukichanganya majedwali haya, kila namba utakayoiona ni ya uongo.

Na usiache waidibendi ndani ya bomba bila umeme, hata kwa "safari fupi tu". Hita isipowaka, masizi huifunika na kuiua.

8. Pima kabla ya kuwasha.

Sensa zikiwa zimechomolewa, swichi imewashwa, tafuta volti 12 kwenye waya wa chanya wa hita. Magari mengine hutoa umeme huo injini ikizunguka tu. Kontrolboksi ndiyo hufunga hasi ya hita, kwa hiyo usiipeleke mwenyewe kwenye bodi. Swichi ikiwa imezimwa na soketi ya kontrolboksi imechomolewa, pima kila waya mwisho hadi mwisho: chini ya omu moja, na usigusane na mwenzake.

Zifunge sensa kwa Nm 40 hadi 60. Dawa ya kuzuia kukwama ipake kwenye nyuzi tu. Mpya nyingi zimeshapakwa.

9. Washa, kisha uliza kila sensa ni ya nani.

Hatua hii inarukwa kuliko zote. Injini ipate joto, fungua data kwenye skana. Chomoa sensa unayoamini ni B1S1 na uangalie ni usomaji upi unaokufa. Umethibitisha waya. Bado hujathibitisha moshi.

Irudishe, subiri itulie, kisha injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) chomoa injekta moja ya benki 1 kwa sekunde chache. Silinda hiyo sasa inatoa hewa tupu, na B1S1 lazima ishuke kuelekea 0.1. Ikishuka B2S1, umepishanisha. Chomoa injekta, usichomoe koili: ukikata cheche, petroli mbichi itakwenda kuungua kwenye turbo na masega. Ukimaliza, futa misimbo na marekebisho yaliyojifunza.

Kwa nini nasisitiza? Tuseme benki 1 ina upungufu kidogo, na sensa yake inasomeka kama benki 2. Kontrolboksi inaongeza mafuta benki 2. Benki 2 sasa imezidi, taarifa yake inasomeka kama benki 1, na benki 1 inapunguziwa. Upungufu unaongezeka, mzunguko unaendelea hadi kikomo. Kontrolboksi nyingi hubeba marekebisho hayo ya muda mrefu hadi kwenye mwendo wa nguvu. Benki yenye njaa inaingia kwenye presha ya turbo ikiwa imepunguziwa mafuta, na hapo ndipo injini inapoanza kugonga.

Mimi mwenyewe nilipoteza siku mbili hivi kwenye V6: nilibadilisha sensa, nikasafisha injekta, nikalaumu pampu. Soketi mbili zilifanana, lebo sikuweka. Kubadilishana soketi kulichukua dakika kumi, na muda mwingi kati ya hizo nilikuwa natafuta tochi.

Likigoma

*Marekebisho ya benki moja yamepanda hadi juu, ya nyingine yameshuka hadi chini.* Umepishanisha, rudi hatua ya 9. Baadhi ya magari hujua yenyewe na kutoa P0040. Mengine hutoa P0171 pamoja na P0175, au P0172 na P0174: upande mmoja pungufu, mwingine umezidi.

*P0135 au P0155.* Hita ya mbele, benki 1 au 2. Anza na fyuzi, kisha volti 12, kisha omu za hita. Sensa iwe ya mwisho kulaumiwa.

*Usomaji umeganda karibu na 0.45.* Waya wa ishara umekatika au pini haijaingia vizuri. Kontrolboksi nyingi huweka volti hiyo zenyewe pasipokuwa na sensa.

*Umeganda chini, karibu na 0.1, lakini plagi ni nyeusi.* Moshi unavuja mbele ya sensa: gasketi ya turbo, kola ya bomba, ufa kwenye uchomeleaji wako mpya. Sensa inanusa hewa ya nje. Ishara iliyogusa bodi nayo huleta dalili karibu na hiyo.

*P0420 au P0430.* Umetoa masega au umeyasogeza. Sensa za nyuma zinasema kweli. Hakuna waya wa kurekebisha hilo.

*Saa ya waidibendi na kompyuta vinatofautiana kwa kiasi kilekile siku zote.* Hasi. Kwa jedwali la Innovate, tofauti ya volti 0.1 kati ya hasi mbili ni kama 0.3 ya uwiano. Usisahihishe kwa kuongeza namba kwenye programu, hamisha waya.

*Usomaji unarukaruka kadiri mizunguko inavyopanda.* Waya wa ishara umelala karibu na koili, au hukuusokota.

*Gari ni zuri likiwa baridi, likipata moto sensa inapotea.* Ganda la waya limeyeyuka mahali fulani nyuma ya turbo. Vuta waya taratibu, pinda kila sentimita chache, utapaona.

*Sensa mpya zinakufa kila baada ya wiki kadhaa.* Angalia turbo kabla ya kununua nyingine. Sili inayovujisha oili upande wa moshi huipaka sensa kila unapoendesha, na maji ya injini yanayoingia kwenye moshi hufanya vivyo hivyo. Silikoni ya gasketi isiyoandikwa kuwa salama kwa sensa nayo huua kimya kimya. Ikiwa bomba baada ya turbo moja lina unyevu wa oili na la pili ni kavu, una jibu, na si la waya tena.